Joe Namath: Jina Lililomzidi Mchezaji

Pasi 173 za tachidauni, pasi 220 zilizonaswa na wapinzani. Katika kila pasi mbili alizorusha, moja ndiyo iliyofika. Mechi za ligi alizoanza: ushindi 62, vipigo 63, sare 4. Mwonyeshe mtu takwimu hizi bila kumtajia mwenyewe, atakuambia huyu alikuwa kwotabeki wa kawaida tu, tena aliyevumiliwa sana. Mtajie kwamba ni Joe Namath wa New York Jets, na papo hapo maelezo yanaanza: goti, enzi zile, fainali ya Super Bowl ya tatu, ile ahadi.

Mjadala huu hauishi Marekani, na kila upande una haki kidogo. Wanaosema Namath ni mkubwa wanasema juu ya jambo moja, wanaosema amepambwa wanasema juu ya jambo lingine, halafu wanapigizana kelele kana kwamba wanajibizana. Mimi naona sifa zake kama mrushaji zimezidi, na zimezidi sana. Lakini sifa hizo zenyewe, zile mbwembwe na kelele za magazeti, ziliwahi kuingia uwanjani zikacheza, na siku hiyo zilicheza vizuri kuliko mkono wake.

Kwa asiyefuatilia mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye ncha mbili: kwotabeki ndiye anayepewa mpira kila mchezo unapoanza upya, naye ndiye anayeamua aurushe, ampe mwenzake akimbie nao, au akimbie mwenyewe. Pasi ikidakwa na mwenzake kwenye eneo la mwisho ni tachidauni, pointi sita. Ikidakwa na mpinzani, timu nzima imenyang'anywa mpira. Ndiyo maana 173 kwa 220 ni hesabu inayouma. Kwotabeki wa leo akimaliza msimu na uwiano huo hana kazi mwaka unaofuata.

Tuanze na pesa, maana sifa za Namath zilianza kwenye mkataba kabla hazijafika uwanjani. Mwaka 1965 Marekani ilikuwa na ligi mbili zinazogombana. NFL ilikuwa kongwe na yenye heshima. AFL ilianza kucheza 1960, na wengi waliiona kama ligi ya wachezaji waliokosa nafasi kwingine. Jets, ambao zamani waliitwa Titans, walikuwa hohehahe hata ndani ya AFL, mpaka mwaka 1963 kundi la matajiri lilipoinunua timu kwa dola milioni moja. Kiongozi wao, Sonny Werblin, alikuwa amekula chumvi nyingi kama wakala wa wasanii wa televisheni na filamu. Yeye hakuwa akitafuta kwotabeki peke yake. Alikuwa akitafuta nyota, kwa maana ileile wanayoitumia watu wa Hollywood.

Akampata kijana wa Beaver Falls, Pennsylvania, eneo la viwanda vya chuma, aliyekuwa akichezea Chuo Kikuu cha Alabama chini ya kocha Bear Bryant. Kijana alikuwa mzuri wa sura, ana maneno, na mkono wake ulikuwa wa ajabu: mpira ulimtoka haraka kuliko jicho lilivyotarajia. Goti lake la kulia lilikuwa limeshaumia akiwa bado chuoni, Oktoba 1964, na kila mtu alijua. St. Louis Cardinals wa NFL walimtaka, Jets wakawapiku kwa mkataba wa dola 427,000, kiasi ambacho mchezo huo haukuwahi kukisikia. Januari 1965 haijaisha, Namath alikuwa mezani kwa daktari anapasuliwa goti. Fikiria hilo: mchezaji ghali kuliko wote nchini, hajarusha hata pasi moja ya kulipwa, na tayari yuko hospitali.

Watu husema mkataba ule ndio uliomaliza vita vya ligi mbili, kwa kuwa Juni 1966 wenye timu walikubaliana kuziunganisha. Hapo wanamwongezea chumvi. AFL ilikuwa na nguvu ya kugombania wachezaji kwa sababu NBC iliahidi kuilipa dola milioni 36 kwa miaka mitano. Bila pesa hizo Werblin asingekuwa na cha kumpa Namath. Kijana alikuwa bango la vita vile. Risasi zilitoka kwenye televisheni.

Na bango lilifanya kazi yake barabara. Viatu vyeupe wakati wenzake wote wamevaa vyeusi. Koti la manyoya pembeni mwa uwanja. Dola 10,000 za kampuni ya nyembe ili anyoe masharubu mbele ya kamera. Mwaka 1974 alikubali hata kutangaza soksi ndefu za wanawake akiwa amezivaa mwenyewe, na watu wanaliongelea tangazo lile mpaka leo. Mjini wakamwita "Broadway Joe", na jina likamganda. Nalisema hili bila kumdharau. Mchezo unaokatishwa na matangazo kila dakika chache ulihitaji mtu ambaye tangazo lenyewe lingemtazama kwa wivu.

Sasa tufike Miami.

Jumapili, tarehe 12 Januari 1969, uwanja wa Orange Bowl. Ndiyo Super Bowl ya tatu, yaani fainali ya tatu kati ya bingwa wa AFL na bingwa wa NFL. Mbili za kwanza Green Bay Packers wa NFL walishinda kwa mteremko, 35–10 na 33–14, na watu walikuwa wakijiuliza kama mechi yenyewe ina maana. Safari hii NFL ilileta Baltimore Colts wa kocha Don Shula, timu iliyopoteza mechi moja tu kati ya 14 za msimu, kisha ikawacharaza Cleveland 34–0 kwenye fainali ya ligi yao. Wachezesha kamari walikadiria Colts watashinda kwa tofauti ya pointi 18. Alhamisi ya wiki hiyo, kwenye hafla ya kumpa tuzo, shabiki mmoja wa Colts akamzomea Namath kutoka mwisho wa ukumbi. Akamjibu kwamba Jets watashinda Jumapili, na yeye anatoa dhamana.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye tambo za dabi ya Kariakoo, hilo si neno. Wasemaji wa klabu zetu hutoa dhamana kubwa zaidi kabla hawajanywa chai. Kule, wakati ule, mchezaji hakutakiwa kufungua mdomo namna hiyo, na kocha wake mwenyewe, Weeb Ewbank, alikasirika. Ewbank aliwahi kuwafundisha Colts, akawapa ubingwa wa 1958 na 1959, kisha wakamfukuza. Alitaka wafike uwanjani wamelala usingizi wa kujiamini, na huyu kijana anawaamsha.

Jets wakashinda 16–7. Namath akachaguliwa mchezaji bora wa mechi. Akatoka uwanjani akikimbia, kidole kimoja juu, na picha ile ndiyo inayobandikwa kila mjadala unapofunguliwa upya.

Lakini soma karatasi ya mechi. Namath alifikisha pasi 17 kati ya 28, yadi 206. Tachidauni alizorusha: sifuri. Robo ya nne yote hakurusha mpira hata mara moja. Tachidauni pekee ya Jets aliifunga Matt Snell, mkimbiaji, aliyebeba mpira mara 30 akapata yadi 121. Pointi nyingine zote zilitoka kwenye mguu wa Jim Turner, aliyepiga mikwaju mitatu ya pointi tatu tatu, na ule wa pointi moja ya nyongeza baada ya tachidauni. Nyuma, mabeki wa Jets walinasa pasi nne za Colts: Randy Beverly mbili, Johnny Sample moja, Jim Hudson moja.

Ile ya Hudson inastahili kutazamwa polepole. Sekunde za mwisho za kipindi cha kwanza, Jets wanaongoza 7–0. Colts wanafanya ujanja: kwotabeki wao Earl Morrall anampa mpira mwenzake Tom Matte, Matte anakimbia nao kulia kidogo, kisha anageuka anamrudishia Morrall. Ulinzi wote wa Jets umehadaika. Jimmy Orr wa Colts yuko peke yake upande wa kushoto karibu na mstari wa mwisho, hakuna mtu hata wa kumwangalia, anapunga mikono juu. Morrall hamwoni. Anarusha katikati, kwa Jerry Hill, na Hudson anachomoka anaudaka. Orr angeuona mpira ule mikononi mwake, ingekuwa 7–7 wakienda mapumziko, na huenda leo dhamana ya Namath ingekuwa kichekesho cha kuwahadithia wajukuu. Namath wakati huo alikuwa amekaa benchi.

Kwa hiyo wanaosema siku ile ilikuwa ya Snell na mabeki wana hoja. Tuzo ya mchezaji bora, kwa maoni yangu, ilikwenda kwa jina. Ila hesabu haiishii hapo.

Mpokeaji hatari wa Jets alikuwa Don Maynard, mwenye mbio za kutisha, ambaye alikuwa ameumia msuli wa nyuma ya paja. Colts hawakujua aliumia kiasi gani. Mapema katika mechi Namath alimrushia Maynard mpira mrefu sana. Ukampita vidoleni, haukudakwa. Kwenye takwimu ile ni pasi iliyopotea. Lakini kuanzia hapo ulinzi wa Colts uliendelea kuegemea upande wa Maynard, ukimsubiri Namath arudie. Hakurudia. Maynard alimaliza mechi bila kudaka mpira hata mmoja, na George Sauer, upande wa pili, akadaka nane, yadi 133 kati ya zile 206. Kina beki wa Colts walikuwa wakilinda sifa. Walikuwa wamesoma magazeti yaleyale tuliyosoma wote, kwamba mtu huyu anaweza kukuua kwa pasi moja kutoka popote, wakajipanga kuizuia pasi ambayo haikuja.

Hiyo ndiyo maana ya maneno yangu kwamba sifa ziliingia uwanjani. Na mwenye kujua kuzitumia alikuwa Namath mwenyewe. Siku ile aliamua michezo mingi pale pale mstarini, akiutazama ulinzi umesimamaje ndipo anabadilisha amri kwa sauti. Aliona kwamba upande wa kushoto Winston Hill, fundi wa ukuta wa mbele, anamsukuma atakavyo Ordell Braase aliyekuwa na miaka 36, basi akampeleka Snell huko tena na tena. Kijana wa dola 427,000, aliyeajiriwa kwa ajili ya mkono, alishinda mechi kubwa ya maisha yake kwa kukubali kutoutumia. Msimu uleule alikuwa ameshaonja ubaya wa kiburi: dhidi ya Buffalo pasi zake tano zilinaswa, tatu zikarudishwa hadi tachidauni, na ukawa ushindi pekee wa Buffalo mwaka mzima. Wiki mbili baadaye Denver nao wakamnasa mara tano. Namath wa Miami alikuwa mtu aliyejifunza.

Tatizo langu ni kwamba wanaomwimba hawamwimbi kwa hilo. Wanamwimba kwa mkono, na kwa dhamana.

Kuhusu mkono, tuseme haki. Kabla ya 1978 beki aliruhusiwa kumsukumasukuma mpokeaji njia nzima, na kwotabeki alipigwa namna ambayo leo ingemtoa mpigaji uwanjani kwa kadi, kama wangekuwa na kadi. Uwiano wa tachidauni na pasi zilizonaswa ulikuwa mbaya kwa wengi. Johnny Unitas, kwotabeki wa Colts ambaye hakuna anayemtilia shaka, alimaliza na 290 kwa 253. Na Namath hakurusha vipasi vya kukwepa lawama. Kila pasi yake iliyofika ilizaa karibu yadi 15 kwa wastani, wakati wa leo wengi huzunguka kwenye 11. Mwaka 1967 alirusha yadi 4,007 katika mechi 14. Hakuna aliyefika 4,000 tena mpaka Dan Fouts mwaka 1979, na msimu ulikuwa umeongezwa mechi mbili. Tarehe 24 Septemba 1972, huko Baltimore, mbele ya Unitas mwenyewe, alifikisha pasi 15 tu lakini zikazaa yadi 496 na tachidauni sita. Mbili za robo ya mwisho, zote kwa Rich Caster, zilikuwa za yadi 79 na 80. Jets walishinda 44–34. Mtu asiyeweza kurusha hafanyi hivyo hata kwa bahati.

Lakini utetezi wa enzi unaanguka mara tu unapomweka karibu na mtu wa enzi ileile. Len Dawson wa Kansas City Chiefs alicheza sehemu kubwa ya maisha yake AFL, dhidi ya mabeki walewale, chini ya sheria zilezile. Tachidauni 239, zilizonaswa 183, asilimia 57 ya pasi zikifika. Desemba 1969 Chiefs waliwafuata Jets kwao New York, wakawatoa kwenye mtoano 13–6. Mechi hiyo Jets walifika yadi moja kutoka mstari wa mwisho wakashindwa kuvuka, wakaridhika na pointi tatu. Wiki tatu baadaye Dawson aliwafunga Minnesota Vikings wa NFL 23–7 katika Super Bowl ya nne, naye akawa mchezaji bora wa mechi. Kama ushindi wa Jets uliwafanya watu wajiulize kuhusu AFL, ule wa Chiefs ndio uliowajibu, maana mara moja inaweza kuwa ajali.

Sasa angalia tarehe za Jumba la Heshima la mchezo huo. Namath alistaafu 1977, akaingizwa 1985. Dawson alistaafu 1975, miaka miwili kabla yake, akaingizwa 1987, miaka miwili baada yake. Hapo ndipo unapoipima kiki kwa rula: miaka minne ya foleni. Kichekesho ni kwamba miongoni mwa walioingizwa pamoja na Namath mwaka ule alikuwemo Pete Rozelle, kamishna aliyemlazimisha mwaka 1969 auze hisa zake kwenye baa ya Bachelors III kwa sababu ya wacheza kamari waliokuwa wakiingia humo. Namath alitangaza kustaafu huku analia, kisha akauza, akarudi.

Baada ya hapo habari ni fupi. Alicheza mechi za mtoano tatu tu maisha yake yote: Oakland, Colts, na ile ya Chiefs. Mwaka 1970 kifundo cha mkono, 1971 goti, 1973 bega. Mwaka 1975 alirusha tachidauni 15 akanaswa mara 28, na Jets wakashinda mechi tatu. 1976 tachidauni nne, zilizonaswa 16, ushindi tatu tena. Akaenda kumalizia Los Angeles na Rams. Mashabiki wake husema magoti yalimwibia ukubwa, na huenda ni kweli, ila hatuwezi kumpa mtu alama za mechi ambazo goti halikumruhusu kuzicheza. Wapo wengi waliovunjika magoti wakiwa na vipaji na hakuna anayewajengea hoja.

Kwangu basi, Jumba la Heshima abaki. Msimu wa 1967, mchana ule wa Baltimore mwaka 1972, na akili aliyoionyesha Miami vinamtosha. Orodha ya kwotabeki 20 bora wa wakati wote asiwekwe, na wanaomweka kumi bora wanaikumbuka picha ya kidole. Tuzo ya Miami ningempa Snell. Winston Hill, aliyemfungulia Snell njia siku nzima, aliingizwa Jumba la Heshima mwaka 2020, miaka minne baada ya kufariki.

Kwa nini sifa hazipungui hata takwimu zikiwa wazi namna hii? Sababu moja ni New York, mji wenye magazeti na televisheni za kutosha kumfanya mtu yeyote awe wa kudumu. Nyingine naiona nzito zaidi: Jets hawajarudi Super Bowl tangu siku ile. Kwotabeki wamekuja na kuondoka, makocha wamefukuzwa kwa foleni, na mzee wa viatu vyeupe bado ndiye pekee mwenye kitu cha kuonyesha. Kansas City nao walisubiri miaka 50 baada ya Dawson, mpaka Patrick Mahomes alipowapa ubingwa Februari 2020. Leo hakuna anayebishana juu ya Dawson. Amepata mahali pake, chini kidogo ya Mahomes, na watu wanamtaja kwa heshima bila kupaza sauti. Jets wakimpata Mahomes wao, mjadala wa Namath utakwisha ndani ya msimu mmoja. Kwa jinsi timu ile inavyoendeshwa, tutaendelea kuusikia.